Kitana cha Mkurugenzi

Taasisi ya Shabaha za Dawa, tawi la Sfax, ilitangaza kwa fahari kuu kwamba shabaha ya mmea wa pakanga ingegunduliwa Alhamisi saa nne asubuhi, mara tu baada ya wimbo wa taifa.

Dakta Henda Ghribi alilisoma tangazo mlangoni pa maabara yake. Miaka mitatu alikuwa akitafuta jambo moja tu: dawa iliyomo kwenye pakanga inapoua kimelea cha vidonda vya usubi, inakamata protini gani? Hiyo ndiyo shabaha. Chini kabisa paliandikwa kwamba shabaha isipopatikana, maabara itageuzwa chumba cha kupumzikia wageni.

Kazi yenyewe haina makuu. Unaifunga dawa kwenye punje ndogo, unazitumbukiza kwenye mchuzi wa vimelea vilivyosagwa, unaziosha, kisha mashine inakutajia protini iliyong'ang'ania. Usafi ndio kila kitu. Ndiyo maana mkurugenzi, Mongi Belkhodja, ambaye wote walimwita kwa heshima Si Mongi, alikuwa ametoa Waraka Namba 14: atakayechafua sampuli atanyang'anywa ofisi, bila kujali cheo.

Alhamisi, Waziri na wapiga picha walijaa maabarani. Si Mongi aliinamia bomba la sampuli lililo wazi, akachomoa kitana, akaanza kuchana ndevu.

"Si Mongi, vaa wavu wa ndevu, tafadhali," alisema Henda.

"Binti yangu, unataka nifanane na muuza samaki?"

"Muuza samaki angalau hunawa," alinong'ona Zohra, fundi wa maabara.

Mashine ilitoa majina. Juu kabisa, ikiwa imeziacha nyingine mbali, ilikaa keratini.

"Imeshinda kwa kishindo!" alitangaza Si Mongi. Makofi.

"Hiyo ni protini ya nywele," alisema Henda. "Kimelea hiki hakina nywele."

"Umekikagua chote?"

Waziri alijipapasa upara. "Kwa hiyo dawa hii inashambulia nywele?"

"Hapana, Mheshimiwa. Tazama." Henda aliweka mezani karatasi mbili. "Hizi ni punje tupu za leo, hazina dawa hata chembe. Keratini imejaa tele. Na hizi zina dawa, nilizitayarisha jana ndani ya kabati la kioo lililofungwa, kabla ya sherehe. Keratini hakuna. Kuna kimeng'enya cha kimelea, protini ambayo binadamu hana. Nimerudia mara tano, ni kile kile."

Mpiga picha mmoja, bila kuombwa, alimwonyesha Waziri picha aliyoipiga: kitana, ndevu, bomba.

"Naomba tuunde tume," alisema Si Mongi.

"Ya nini?" aliuliza Waziri. "Waraka wako unajitosheleza."

Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa imehamia ofisi ya mkurugenzi, yenye madirisha mazuri na kiyoyozi kinachofanya kazi. Henda alikuwa tayari amewasha taa na kupanga mabomba, Si Mongi aliporudi kuchukua kitana chake.

Zohra alimzibia mlango, mkono mbele.

"Wavu kwanza, baba."