Vyuo vya Usalama Nimevifuta

Jumamosi, 10 Januari

Matokeo ya kitindamimba wangu yametoka. Ni ule mtihani wa Wamarekani, ambao mtoto hufanya akitaka kusoma chuo kikuu kwao. Amepata elfu moja na themanini. Elfu moja! Nilifundisha sarufi, nikakagua shule hadi nikastaafu, na sijawahi kuona mtoto akipata alama zaidi ya mia. Nilimpigia shemeji simu papo hapo.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Anauza mabati. Mwanawe anasoma Marekani, na tangu mtoto aondoke, shemeji havui sweta lenye jina la chuo, hata jua liwake vipi. Jasho linamtiririka, sweta halivuliwi.

Akauliza: kati ya ngapi? Nikasema hilo ni swali la wivu. Kitindamimba akaninong'oneza: kati ya elfu moja na mia sita. Shemeji alisikia. Alicheka hadi akapaliwa. Akasema, "Shemeji, ukiezeka nyumba kwa theluthi mbili ya mabati, hiyo theluthi iliyobaki utalala na mwavuli?"

Nimekata simu bila kuaga. Nimeazimia: uchaguzi wa vyuo nitausimamia mimi. Mtoto atakwenda kwenye chuo ambacho jina lake shemeji hawezi hata kulitamka.

Jumatatu, 12 Januari

Ofisi ya mshauri wa masomo. Ghorofa ya pili. Feni inazunguka inapopenda. Ukutani, picha za wanafunzi wanaocheka wakiwa wamelala kwenye nyasi. Wanacheka nini wakati wa masomo?

Mshauri ni binti mdogo, mchangamfu, hajui ngeli. Alisema alama si mbaya, si nzuri, ni za katikati. Kwa hiyo ujanja wote uko katika kuchagua. Vyuo vigawanywe mafungu matatu: vya ndoto, vya kiasi chake na vya usalama. Akaanza kufafanua: "Vya usalama, mzee, ni vile vyuo ambazo mtoto..."

"Ambavyo," nikasema.

Akasema samahani, ambavyo. Nikamweleza ngeli ya KI-VI kwa ufupi, tangu mwanzo wake. Kitindamimba alitazama dirishani muda wote. Nilipomaliza, mshauri alikuwa amesahau alichokuwa anafafanua, akahamia kwenye insha.

Mimi sikusahau. Vyuo vya usalama! Mtu mzima anajua watu wa usalama ni nani. Ni wale wanaokaa na soda moja hadi jioni, wameshika gazeti kichwa chini miguu juu. Kumbe wana vyuo kabisa! Nikauliza, kwa sauti ya chini, kama ni lazima mtoto aombe huko. Mshauri akajibu, tena kwa furaha, kwamba ni lazima, angalau viwili, na kwamba wanawapenda sana wanafunzi kutoka nchi za nje.

"Wanachukua karibu kila anayeomba, mzee wangu. Wale hawachagui."

Bila shaka hawachagui! Kila mtu ana jirani wa kuchunguzwa.

Jumanne, 13 Januari

Nimesoma vijitabu vya vyuo viwili vya usalama alivyochaguliwa mtoto. Ushahidi umejaa tele. Kimoja kinajisifu hivi: wahitimu wetu wako kila mahali, hata pale usipowatarajia. Wanalisema hadharani! Cha pili humwandikia kitindamimba barua pepe kila wiki na kumwita kwa jina lake la nyumbani. Nani aliwapa?

Nilijaribu kumweleza mke wangu. Yeye ni muuguzi mkuu wa zahanati, hana muda wa kukaa. Huku akivaa viatu, alisema kwamba kama hao ni majasusi basi wamekula hasara, maana mtoto huyu hawezi kuficha hata sahani aliyoivunja mwenyewe. Akaniambia nisiguse kompyuta ya mtoto. "Umenisikia, baba watoto?" Nikasema nimesikia. Kusikia na kukubali ni vitenzi viwili tofauti.

Alipotoka tu, nilimwambia kitindamimba kwamba nataka kukagua mikato katika maombi yake. Akanifungulia kompyuta, akaenda kuoga. Ananiamini, maskini.

Vyuo vya usalama nimevifuta vyote viwili. Kubofya mara moja tu, chuo kizima kinatoweka na majengo yake! Nikavitazama vile vya kiasi. Kiasi? Mwanangu si wa kiasi. Navyo nikavifuta.

Badala yake nimejaza vingine, kwa kigezo cha kisayansi. Kila chuo hutaja asilimia ya waombaji kinaowapokea. Vingine vinapokea asilimia themanini. Hayo ni masoko! Nikatafuta vya asilimia nne. Darasa halitajaa, na mtoto atapata dawati la mbele. Kimoja kina mnara wenye saa. Nikawasilisha. Kitindamimba akarudi akifuta nywele, akauliza kama mikato iko sawa. Nikamwambia sasa kila kitu kiko sawa.

Jumatano, 14 Januari

Mshauri amepiga simu asubuhi. Ameona orodha imebadilika. Nilimjibu kwa utulivu: "Tumejua, binti yangu. Tumeshajua yote." Akauliza tumejua nini. Nikasema hayo si mambo ya simuni. Akaomba azungumze na mtoto.

Kilichofuata hakikunipendeza. Kitindamimba alisikiliza, akarudisha simu mezani, akaketi sakafuni kando ya friji. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Baba, usalama wenyewe ni wangu mimi. Maana yake wengine wote wakinikataa, pale nina hakika nitaingia. Sasa nikikosa kote, mwaka mzima nitakaa hapa nikifanya nini?"

Nikasema kwamba kama maana ni hiyo, neno sahihi ni akiba, na kosa ni la mshauri. Mke wangu alikuwa amerudi kuchukua koti lake. Akasema nikinyamaza kidogo tu, nyumba haitaanguka.

Inasemekana vyuo vyote nilivyovifuta vilifunga milango jana usiku. Isipokuwa kimoja: kile cha wahitimu wa kila mahali. Chenyewe kinafunga kesho. Vile nilivyovijaza mimi havihesabiki, mshauri amesema. Vya asilimia nne hupokea watu wanne katika kila mia, na hao wanne hawana elfu moja na themanini. Mbona kijitabu hakikueleza hivyo? Uandishi mbovu!

Alhamisi, 15 Januari

Nyumba imegeuka ofisi. Mshauri amekuja mwenyewe, ameketi na kitindamimba kwenye meza ya kulia tangu asubuhi. Mimi nimepewa kiti karibu na mlango, mbali na kompyuta. Nilipojikohoza tu, wote watatu walinitazama, mke wangu zaidi.

Chuo kinauliza: kwa nini umetuchagua sisi? Kitindamimba ameandika kuhusu maabara yao ya udongo, kwa sababu anataka kujua kwa nini mashamba ya upande wa mama yake yanachoka. Nimesikia akisoma. Ameandika vizuri. Sikusahihisha kitu, maana nilikatazwa kufungua mdomo.

Mshauri alitoa onyo moja. Chuo kisijue kabisa kwamba hapo ni pa akiba. Alisema vyuo vya namna hiyo vina wivu kama mchumba wa pili: vikinusa tu kwamba havikupendwa, vinamkataa mtu hata kama alama zake zinatosha.

Alasiri shemeji akaja, na sweta lake. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakutoa hata moja. Alimshika mpwa wake bega, akamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba hata mwanawe alikataliwa kwingine kote, na chuo kilichoandikwa hapa kifuani ndicho kilikuwa cha usalama. "Na anasoma vizuri tu, mjomba wako nakwambia."

Kumbe! Sweta lote lile! Nilifurahi kuliko ilivyonipasa. Mke wangu aliniona.

Saa kumi na moja jioni maombi yametumwa. Kitindamimba amecheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Mshauri akasema sasa ni kutulia tu, mtu yeyote asifanye chochote. Sijui kwa nini alisema hayo akinitazama mimi.

Ijumaa, 16 Januari

Dhamiri inanisumbua. Kile chuo nilikidhania ubaya. Watu wazima, wenye maabara ya udongo, nimewaita majasusi ndani ya nyumba yangu, na wao hawana hatia. Muungwana akikosea huomba radhi, tena kwa maandishi.

Kompyuta ya mtoto nimekatazwa kuigusa, na sikuigusa. Nilikwenda kwenye duka la intaneti, jirani na kinyozi. Hiyo ni kompyuta ya watu wote.

Nimemwandikia mkuu wa udahili wa chuo mwenyewe. Nimemweleza kwamba niliwafuta kwa kudhani wanafundisha upelelezi. Kwamba sasa nimeelimishwa, na ninafahamu kuwa wao ni chuo cha akiba tu, cha kukimbilia pale vyuo vizuri vinapomkataa mtoto, kwa kuwa hupokea karibu kila anayeomba. Kwamba zile sifa za maabara ziliandikwa jana mezani kwetu, mshauri akiwa kando, baada ya vyuo vingine kufunga. Wasijivune kupita kiasi. Nikataja jina kamili la mtoto na namba ya maombi yake, wasije wakamchanganya na mwingine. Nikaambatisha masahihisho ya kijitabu chao.

Kabla ya kutuma niliisoma upya, neno kwa neno. Haina kosa hata moja.