Mbwa Aitwaye Mkutano na Nyama ya Mgambo

Jumamosi, 11 Novemba 1978

Kwako Mama Zita,

Mbwa wako ameiba tena. Safari hii ni samaki mkavu wa Balozi Telesfori, kiongozi wetu wa nyumba kumi. Alikuja kutoa maagizo, akamweka samaki wake kwenye kigoda chako jikoni. Akageuka kunifundisha namna ya kupanga kuni. Alipogeuka tena, kigoda kitupu! Mkutano alikuwa nje chini ya mgomba, amekaa kama mtu aliyetoka kuungama.

Telesfori alifoka sana. Jumamosi ijayo vijana wa mgambo wanaondoka kijijini kwenda vitani. Kamati imeamua nyama ya kuwaaga ipikwe kwetu, maana sufuria yako ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Mbwa akigusa hata mfupa mmoja, hiyo ni hujuma dhidi ya vita. Atapigwa rungu siku hiyohiyo, mbele ya watu. Nikamwambia bado mdogo, hajatimiza mwaka. Akajibu kwamba hata adui naye aliwahi kuwa mdogo.

Rungu! Mbwa uliyemleta mwenyewe kutoka mnadani Rulenge, ndani ya kikapu, umemfunika kanga. Ulimpa jina Mkutano kwa sababu alibweka mchana kutwa bila kufikia uamuzi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Miezi mitatu baadaye ukaondoka. Sina kingine katika nyumba hii kinachopumua na ambacho mikono yako ilikibeba, maana Zita yuko kwa mumewe Biharamulo.

Mdogo wako Speciosa anasema dawa ni kuweka mlango wa jiko, basi. Anajua vizuri mlango wa zamani ulikokwenda. Wiki uliyoondoka mbao zilikosekana Nyamiaga nzima, fundi akaung'oa, akakutengenezea sanduku. Sitaweka mwingine pale.

Nitatumia akili.


Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa nilijificha jikoni, nimejifunika majani makavu ya migomba. Mkononi debe na mwiko. Mpango: mbwa akiingia tu, napiga. Ataliogopa jiko maisha yake yote.

Akaingia. Nikapiga debe kwa nguvu zangu zote. Ushindi! Alichomoka kama risasi.

Kumbe nilisahau amri ya kijiji. Tangu vita vianze, debe likipigwa maana yake ni ndege za adui. Watu wote wakaacha vyungu motoni, wakaruka mahandakini. Nilikimbia huku na huku nikipiga kelele kwamba ni mbwa, ni mbwa tu! Wakadhani namtukana adui. Wakaniitikia kutoka shimoni: Mbwa huyo! Mbwa kabisa!

Telesfori alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka.

Wakati huo Mkutano alikuwa anapita jiko kwa jiko, hana haraka. Kwa Bernardo alikula maharage. Kwa Scholastika, viazi. Kwa Telesfori alikula kila kitu, akalala palepale karibu na mafiga.


Jumatatu, 13 Novemba

Nimehukumiwa kurefusha handaki la Telesfori. Anasema jana alibanwa.

Mgongo wangu! Mkutano alikuja kulala juu ya udongo niliotoa. Nilimkemea kwa ukali. Alisikitika sana, ikabidi nimpe muhogo.


Jumanne, 14 Novemba

Nimepata wazo jipya uwanjani. Yule Msukuma, Nshoma, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ndiye anayewafundisha mgambo. Aliwahi kuwa askari. Akisema kaa, vijana wanakaa. Akisema simama, wanasimama, hata wale ambao mama zao hawajawahi kuwasimamisha. Nidhamu! Ndiyo inayokosekana jikoni kwangu.

Nilimwomba ushauri. Akaniuliza kuruta ni nani. Nikamwonyesha. Akamtazama Mkutano masikio na meno, akasema ameshapokea wabaya zaidi. Siri yake ni hii: anayetii apewe kitu kidogo papo hapo.

Nimeanza leo jioni, jikoni, kando ya sufuria.


Jumatano, 15 Novemba

Anakaa! Nikisema kaa, anakaa, kifua mbele. Nampa kipande cha ndizi. Anakaa tena. Baadaye anakaa hata kabla sijasema. Mwishowe nilichelewa kidogo kumlipa, akajilipa mwenyewe kutoka kwenye chungu. Lakini alikuwa amekaa!

Nilimwita Speciosa aje kuona. Akasema, Shemeji, kila jioni unagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kama marehemu dada alivyokuwa akigonga. Mbwa anakuja mbio. Unamlisha ukoko humuhumu jikoni. Halafu unatuuliza sisi kwa nini analipenda jiko?

Sikuelewa hayo yanahusianaje na wizi. Ukoko ni haki yake, ulimzoesha wewe. Na nisipogonga mwiko, jioni inakuwa kimya mno.


Ijumaa, 17 Novemba

Kesho ndiyo siku. Jaribio la mwisho: chakula kining'inizwe. Nshoma alinisaidia kufunga kikapu darini kwa fundo la kijeshi. Ndani niliweka chakula changu cha jioni. Mkutano aliruka, akaruka, akashindwa. Nilimcheka!

Kisha mimi nami nikashindwa. Fundo halikufunguka. Nikapanda kigoda, nikakata kamba kwa kisu. Kikapu kikaanguka mbele ya mbwa.

Alikaa kwanza. Nakiri hilo kwa fahari. Kisha akala chote.

Nalala njaa. Naogopa kesho, Mama Zita.


Jumamosi, 18 Novemba

Asubuhi Nshoma alikuja, akasema kuruta aende gwaride. Akamfunga Mkutano kwa kamba kwenye mlingoti wa bendera, mbele ya vijana na kijiji kizima. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Jikoni akina mama walipika wakiongozwa na Speciosa. Telesfori alijipa kazi ya ukaguzi. Aliingia kukagua chumvi. Akaingia kukagua moto. Akaingia tena, akawatoa nje wanawake wote, eti anakagua usalama.

Wakati wa kupakua, maini yote hayapo! Na mapande yaliyonona hayapo. Sufuria yako imebaki na mchuzi na shingo. Telesfori akapaza sauti kwamba alisema, alisema, yule mbwa! Rungu liletwe! Nilitaka kusema nimekula mimi, lakini Telesfori alikuwa ameshatoka.

Watu wakamfuata mpaka uwanjani, rungu mbele. Mkutano yuko kwenye mlingoti, amekaa kifua mbele, kamba shingoni, vijana wanampigia saluti kwa mzaha.

Nshoma akauliza kwa upole: Balozi, huyu yuko hapa tangu asubuhi. Sasa huyo mwingine aliyekula maini ni nani, na mbona amejipaka mafuta mpaka kwenye kola?

Watu wote wakaitazama kola ya Telesfori. Akasema alikuwa anaonja, maana huenda adui ametia sumu. Speciosa akamuuliza kama sumu ilikuwa kwenye maini peke yake. Akamjibu asiingilie mambo ya ulinzi. Wanawake walicheka mpaka wapiga ngoma wakapoteza mdundo. Bernardo akalichukua lile rungu, akaenda kuchochea nalo moto.

Vijana walikula ndizi na mchuzi. Hakuna aliyelalamika. Mdogo kuliko wote alimpa Mkutano mfupa wake.

Nilitokwa na machozi. Nilisema ni moshi.


Jumapili, 19 Novemba

Lori limeondoka na vijana, na Nshoma amekwenda nao. Kabla ya kupanda alinikabidhi kamba. Upande wa pili wa kamba ni mbwa wake jike, Sajini, mkubwa kama ndama. Anaiba mayai tu, alisema, mengine hana shida nayo.

Nimempokea kwa furaha. Nimefikiri sana: kosa letu lote ni kwamba Mkutano hakuwa na mkubwa wa kumwonyesha mfano. Sasa anaye. Mayai ya kuku wa Speciosa nimeyaleta jikoni, yawe salama chini ya ulinzi wa mbwa wawili.

Mchana niliwaambia kaa, wakakaa wote pamoja. Nikawalipa hapohapo, sawasawa, asiwepo wa kuona wivu. Speciosa alisimama nje akatazama, akajifunika uso kwa kanga, akaenda kwake bila kuaga. Nadhani furaha ilimzidi.

Lori lilipoanza kutembea, Nshoma alitupazia sauti kutoka juu, tusimsahau katika sala za jioni. Leo nimemtaja. Nimewataja vijana wote niliowakumbuka majina. Mwisho nikakutaja wewe.

Nawe huko uliko, Mama Zita, unikumbuke.

Ni mimi,
Leonidas