Kamati ya Kujiamini Yateremka Namswea

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Mbinga na vijiji vyake wanajulishwa kwamba aibu ya kuzungumza Kiingereza ilikomeshwa rasmi Jumatatu asubuhi, isipokuwa kwa watumishi walio likizo, ambao wataendelea kuona aibu hadi watakaporipoti kazini.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati iliyofanikisha jambo hili. Jina la ofisi yetu silitaji, kwa sababu za kiitifaki. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Fabiano, alirudi kutoka semina moja akiwa na uchungu moyoni. Huko mtaalamu wa kigeni alikuwa amemsemesha kwa maneno mawili mafupi ambayo yeye aliyajua tangu shule ya msingi, lakini yalipokaa pamoja hakuelewa yanataka nini.

"Katibu," aliniambia, "look ninaijua. After ninaijua. Nani kawaruhusu kuoana?"

Nilimjibu kwamba hata mimi sikuwahi kusikia ndoa hiyo ikitangazwa kanisani. Tukaunda Kamati hapo hapo, kabla chai haijapoa.

Mwezeshaji tuliyemleta, kijana Tobias, alitaka kuanza na maana za vitenzi hivyo vya maneno mawili. Tulimzuia kwa upole. Maana huzaa maswali, na mwenye kuuliza huonekana hajiamini. Tukapitisha azimio kwamba ni marufuku mtumishi kuuliza maana. Akisemeshwa asichokielewa, anyanyue kidevu, atabasamu na kujibu: "Absolutely! Go ahead!"

"Lakini Mheshimiwa," Tobias akasema, "hapo mtu anakuwa amekubali kila kitu, na ameruhusu kianze."

Tukamkumbusha kuhusu maana.

Matokeo yalikuja haraka. Mheshimiwa alikuwa akichungulia dirishani na kuwatangazia waliokaa kwenye benchi wakisubiri huduma, "Hold on!", kwa sauti nzito na mikono imeinuliwa kidogo. Wananchi wetu ni watu wa kanisa. Walisimama wote na kuitikia, "Twakuomba utusikie." Niliona fahari isiyo kifani. Katika taarifa ya wiki niliandika kwamba mwitikio wa wananchi ni mkubwa.

Tatizo lilikuwa mama Otilia, mkulima kutoka Namswea. Mvua za masika zilikuwa zimezoa daraja lao la magogo kwenye kijito kinachotenganisha mashamba yao na mashine ya kumenya kahawa. Sasa kahawa ilikuwa imeiva, na kahawa ikichumwa haitaki kulala. Isipomenywa siku hiyo hiyo inachacha, na ikichacha jasho la mwaka mzima limekwenda na maji: mbolea, bati, ada za watoto.

"Mheshimiwa," alisema, "kahawa zimekuwa nyekundu, na sisi hatuna mabawa."

"Hold on!" Mheshimiwa alimjibu, kidevu juu.

"Ndiyo nini hiyo, baba?"

Ilibidi niingilie kati kulinda azimio. "Mama, hapa hatuulizi maana."

"Haya. Daraja linaulizwa wapi?"

"Tunalifanyia kazi," nilimjibu, nikamwelekeza arudi kwenye benchi. Alirudi, na kesho yake akaja tena, na keshokutwa pia, akiwa na kiporo chake cha ugali na dagaa wa usipa ndani ya kikapu. Nilianza kumwona kama fanicha ya ofisi. Ndiyo maana Kamati ilipohitaji mwananchi wa kuzungumza Kiingereza na Mwenyekiti jukwaani siku ya mahafali ya mafunzo yetu, tulimteua yeye. Alikuwa karibu, na hakuhitaji nauli. Aliomba tu siku moja aende Matiri kwa mpwa wake Lidia, mwalimu wa sekondari, akafundishwe sentensi.

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa, vyeti vikapangwa mezani, cha juu kabisa kikiwa cha Mheshimiwa, kikithibitisha kwamba anaelewa. Mgeni rasmi alikuwa Bi Aurelia kutoka mkoani, mwanamke mkimya mwenye macho ya kuhesabu.

Mama Otilia alipanda jukwaani, akajifunga khanga vizuri, akasema polepole:

"Will you and your committee come down tomorrow and put up our bridge with your own hands?"

Mheshimiwa alinyanyua kidevu. Alitabasamu. "Absolutely!" alinguruma. "Go ahead!"

Nasi wanakamati tulisimama kwa pamoja kumuunga mkono: "Absolutely!" Mimi nilipiga sauti ya pili. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Sijawahi kuona Kiingereza kikitoka kwa kujiamini namna ile.

Bi Aurelia akachukua kipaza sauti. "Kwa faida ya ambao hawakusikia vizuri," alisema, "mama ameuliza kama Mheshimiwa na Kamati yake watateremka kesho kuwajengea daraja kwa mikono yao wenyewe. Mheshimiwa amekubali. Mnaanza saa ngapi? Nitapita kuona."

Tabasamu la Mheshimiwa lilibaki mahali pake, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Tulitazamana. Kusema kwamba hatukuelewa kungefuta vyeti vyote pale mezani.

"Saa kumi na mbili asubuhi," nikasema, maana katibu ndiye hutumwa kufa kwanza.

Hivyo basi, mafunzo kwa vitendo yalifanyika kijitoni Namswea. Wanaume wa kijiji walikata magogo, Kamati ikayabeba. Maji yalikuwa ya baridi isiyojali vyeo. Mheshimiwa alikunja suruali ya suti, kisha akaacha kuikunja kwa kuwa haikusaidia tena. Bi Aurelia alikaa ukingoni juu ya ndoo iliyofunikwa, akitutazama bila haraka. Mhasibu wetu alilia kidogo, na sikumlaumu.

Kufikia mchana magogo yalikuwa yamelala, isipokuwa moja lililokuwa likicheza kwa kukosa nguzo katikati. Wanawake walikuwa wameshajipanga na ndoo za kahawa kichwani, hawangoji fundi. Mheshimiwa, aliyekuwa karibu zaidi, akaingiza bega chini ya gogo, kwa muda tu.

Safari ikaanza. Ndoo nyekundu zikapita juu yake moja baada ya nyingine, na kila mwanamke alimsalimia vizuri kabisa. Maji yalimfika kifuani. Alipomwona mama Otilia akipita, akainua uso.

"Mama, shikamoo. Huyo mtu wa kunipokea hapa atakuja lini?"

"Marahaba, baba." Mama Otilia alisimama juu ya gogo, akashika ndoo yake vizuri, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Tunalifanyia kazi."