Nahodha Nigam Achagua Vifaa

Jumatatu, 7 Januari

Leo nimeamua kuwa Katibu. Uamuzi umechukua muda wa kumaliza sahani moja ya poha ya mchele na jalebi mbili tamu.

Mambo yenyewe ni haya. Chama chetu cha Waendesha Boti wa Jumapili kimefikia familia kumi na moja na hakina Katibu. Mwenyekiti, Bi Naushaba Rizvi, mwalimu mkuu mstaafu, ametangaza kwamba atamteua Jumapili hii palepale ziwani, baada ya kukagua boti na vifaa vya kila anayeutaka ukatibu. Katibu ndiye atakayesema nani aingie majini na nani abaki nchi kavu. Atapewa muhuri. Una picha ya nanga katikati!

Tunaoutaka ni wawili. Mimi, Trilokinath Nigam, miaka thelathini na minne katika ofisi ya maji, karani mkuu mpaka nastaafu. Nusu ya maji ya mji wetu wa Bhopal yamepita mezani kwangu, yakiwa kwenye mafaili. Wa pili ni jirani yangu Ramsevak Pachauri, aliyekuwa fundi wa miwani. Boti yake ni ya mbao, aliinunua kwa mvuvi. Haoni hata aibu.

Yangu ni ya fiba, nyeupe, mpya. Iko uani juu ya matofali tangu Diwali. Haijagusa maji bado. Sioni haja ya kuichakaza mapema.

Nimemwambia mke wangu Urmila kwamba Jumapili atakaa mbele, kama mke wa Katibu. Ameniuliza kama najua kuogelea. Nimemjibu kwamba waziri wa reli haendeshi treni. Amerudi kwenye dengu zake.

Jumanne, 8 Januari

Dukani kwa Iqrar bhai, anayeuza vifaa vya boti. Nilikuwa na orodha ya Bi Rizvi: majaketi ya kuokoa maisha, makasia, kamba, filimbi, kopo la kutolea maji. Orodha ya kusikitisha. Mtu yeyote anaweza kuwa na kopo.

Iqrar aliniuliza uzito wa mama nyumbani, ili apate jaketi linalomfaa. Nikamwambia uzito wa mke wangu hauzungumzwi sokoni. Akaleta majaketi ya rangi ya chungwa. Nikayakataa, wanavaa hivyo wafagia barabara. Nikachagua ya bluu iliyokolea yenye mshono wa dhahabu. Akasema la chungwa huonekana kwa mbali mtu akianguka. Nikamwambia sina mpango wa kuanguka.

Nimechukua pia dira ya shaba. Iqrar alisema kwamba ukiwa katikati ya ziwa letu unaona kingo zote. Nikamwuliza, na ukungu je? Akaniandikia risiti. Nilimweza.

Nanga: kubwa kuliko zote, inang'aa. Alikuwa akiitumia kuzuia mlango wa duka usijifunge. Ilibidi watu wawili waiinue. Nilijisikia mkubwa kwa kuitazama tu.

Injini ndogo, mpya, ya kufunga nyuma. Makasia sikuchukua. Kubeba makasia pamoja na injini ni kuitukana injini. Kamba nimechukua, bunda zima ndani ya nailoni yake.

Jumatano, 9 Januari

Vitu vimeletwa kwa mkokoteni. Nilimwagiza mwenye mkokoteni apite kwa Pachauri, azunguke bustani, kisha apite tena kwa Pachauri. Mara ya pili Pachauri alitoka akampa maji ya kunywa. Sikumtuma afanye hivyo.

Ugomvi nyumbani. Urmila alichukua kisu akataka kufungua majaketi. Niliwahi kumshika mkono. Nikamweleza, kwa utulivu wote, kwamba kila kitu kitabaki ndani ya nailoni yake: majaketi, viti vya boti, hata injini. Mtu akiona nailoni anajua kitu ni kipya, hana haja ya kuuliza. Friji letu lina miaka kumi na miwili na bado limevaa nailoni ya kiwandani. Rimoti ya televisheni vivyo hivyo. Makochi ya sebuleni pia. Wageni huteleza kidogo wakikaa, lakini wanateleza kwa heshima.

Urmila akasema, "Baba Alok, friji haliendi ziwani."

Mwanamke huyu hana jicho la mambo makubwa. Nimekata mwenyewe tundu la kichwa na mawili ya mikono kwenye kila mfuko. Jaketi linavaliwa vizuri kabisa. Mikanda yake imebaki ndani, imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani. Haifungiki, lakini haina hata vumbi.

Alhamisi, 10 Januari

Nimempeleleza Pachauri. Nilipita langoni kwake mara nne, nikijifanya natafuta kishada cha watoto kilichokatika uzi.

Hana kitu! Alikuwa amekaa barazani anapaka makasia mafuta. Majaketi yake ni ya chungwa, yamepauka, moja lina kiraka. Kamba yake ina mafundo. Kopo lake la kutolea maji ni la mafuta ya haradali, amelikata kwa mkono na maandishi bado yanasomeka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa bahati mbaya alinisikia. Akanikaribisha chai, eti twende ziwani kesho pamoja tukaijaribu injini yangu. Mtego huo. Nikamwambia injini yangu haihitaji kujaribiwa. Akakuna kidevu akasema, "Nigam-ji, ila usiiwashe ikiwa imefungwa nailoni. Ile inavuta maji kwa chini ili ijipoze. Ikikosa maji inaungua."

Wivu mtupu. Nimekunywa chai yake nikaondoka. Chai ilikuwa nzuri, hilo silikatai.

Ijumaa, 11 Januari

Sare imekamilika. Nimeshonewa na fundi anayewashonea wapiga tarumbeta wa harusini, maana hakuna mwingine mjini mwenye utepe wa dhahabu wa upana huo. Suruali nyeupe, koti jeupe, mabegani nyota na vishada vya dhahabu, na kofia yenye nanga. Nilirudi nayo nimeivaa, kwa miguu, njia ya sokoni.

Nimetazamwa sana. Mzee mmoja alinisimamisha kwa adabu kubwa akaniuliza kama tarehe kumi na nane nina nafasi, anamwoza binti yake. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Ni mtu mwelewa, ameona mara moja kwamba mimi ni mtu wa shughuli.

Jumamosi, 12 Januari

Mazoezi uani. Nilikaa kwenye boti juu ya matofali nikapiga saluti kushoto na kulia. Urmila alijifunza kukaa. Ameteleza kitini mara mbili. Nilimwambia akaze mgongo.

Nimening'iniza ndimu na pilipili mbichi mbele ya boti kuzuia husuda ya macho ya watu. Macho yatakuwa mengi.

Urmila ameuliza mbona kamba haijafungwa kwenye nanga. Nimemjibu kwamba bunda litafunguliwa siku ya haja. Alikaa upenuni mchana kutwa akisoma kijikaratasi kilichokuja na majaketi, akifuatisha mistari kwa kidole. Nimefurahi kumwona amepata cha kumshughulisha.

Mkasi wa nyumba hauonekani.

Jumapili, 13 Januari

Nitaandika kila kitu kilivyotokea.

Familia zote zilikuwa ufukweni, na vikapu vya chakula. Ukaguzi wenyewe ulikuwa huu: kila mmoja aende mpaka kwenye pipa jekundu na abiria mmoja, arudi. Pachauri alitangulia. Alipiga makasia, mkewe akila karanga. Wakaenda, wakarudi. Hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kuwatazama. Nikasema moyoni, ukatibu ni wangu.

Zamu yangu. Watu wote wakasimama! Bi Rizvi alinikagua kwa kalamu yake. Aliligusa jaketi langu, nailoni ikalia, akauliza, "Nigam-ji, hili ni jaketi au ni mkate wa dukani?" Watu mbavu hawana. Nikasema ni jipya. Kisha akamgeukia Urmila akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikageuka na mimi. Nilitaka ardhi ipasuke. Jaketi lake lilikuwa uchi! Urmila amelichana nailoni yote, amefunga mikanda mitatu juu ya sari, na filimbi inaning'inia shingoni. Jaketi jipya, kwisha kuchakaa.

Injini iliwaka mara moja. Nani kasema haijajaribiwa? Tulikwenda. Nilipiga saluti kwa akina Pachauri. Upepo ulichezea vishada vyangu. Kwa muda wa dakika tatu hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bhopal, na siwezi kusema vinginevyo.

Kisha harufu. Kisha moshi. Nailoni ya injini ilikuwa inayeyuka kama samli, na chini imejibana kwenye tundu la kuvutia maji. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Upepo ukaanza kutusukuma tukalipita pipa.

Sikutaharuki. Nahodha hutia nanga. Nilinyanyua ile nanga peke yangu, sijui nguvu zilitoka wapi, nikaitupa. Ilikwenda vizuri sana. Kamba ilibaki kwenye boti, ndani ya bunda lake.

Urmila akanitazama. Nikasimama na dira ili nimwonyeshe kwamba hatujapotea. Boti ikayumba. Nikakaa haraka. Kiti kilikuwa na nailoni, suruali yangu ni ya hariri ya harusini. Niliteleza kutoka mwanzo wa kiti mpaka mwisho wake, na kiti kilipokwisha mimi nikaendelea.

Maji ya ziwani ni kitu tofauti kabisa na yale ya mafailini. Nilishuka. Jaketi halikushuka. Lilitoka kichwani mwangu likabaki juu likielea, kavu ndani ya mfuko wake. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Niliogopa kufa, na nilimuwaza Urmila atarudije nyumbani peke yake.

Nilipotoa kichwa nikasikia filimbi, mipigo mitatu, kimya, mipigo mitatu. Urmila akachomoa mkasi kwenye sari yake. Akachana bunda, akafunga ncha moja ya kamba kwenye boti, nyingine akanitupia. Ilinipiga usoni. Akaniambia nishike.

Nikashika kwa mkono mmoja.

"Baba Alok, acha kofia ushike kamba kwa mikono miwili!"

Katika miaka yetu thelathini na tisa hajawahi kunipazia sauti. Nikaiacha kofia. Ilikwenda zake.

Pachauri alifika kwa makasia yake, hana hata jasho. Alininasa begani kwa upondo wake, kwenye vishada vya dhahabu, akanivuta ndani ya boti yake. Vilishikilia vizuri, yule fundi ni hodari. Akanifunika shali yake, akatukokota hadi ufukweni. Hakunicheka. Heri angenicheka.

Bado nilikuwa na tumaini. Ajali iliyosimamiwa vizuri ni sifa. Bi Rizvi akasema ameona alichotaka kuona. Nikakaza mgongo. Pachauri akatangulia mbele akasema yeye anajitoa. Alisema kabla yeye hajashika hata kasia, Bi Urmila alikuwa amekwisha funga kamba.

Muhuri akapewa mke wangu.

Urmila aliuliza kama kazi hiyo inaweza kufanywa baada ya kuinjika dengu. Bi Rizvi akasema inaweza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kikapu cha mtu, nachuruzika maji. Huenda nililia. Nilikuwa nimelowa, haikuonekana.

Jumatatu, 14 Januari

Nimelala vizuri, akili imetulia. Hebu tuhesabu ukweli.

Ukatibu umekwenda nyumba gani? Ya Nigam. Si ya Pachauri. Jaketi alilovaa Urmila nani alilichagua? Mimi. Kamba? Mimi. Kijikaratasi alichosoma kilikuja na ununuzi wa nani? Na kama nisingeanguka, angemwokoa nani? Mke wa Pachauri alikaa na karanga zake kwa sababu mumewe hakumpa nafasi. Mimi nilimpa wangu nafasi, tena kwa mwili wangu mwenyewe.

Nimemweleza Urmila haya wakati tunakula vileja vya ufuta vya sikukuu ya mavuno. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama masikio yangu bado yana maji.

Alhamisi, 17 Januari

Barua rasmi! Nilikabidhiwa juzi juu ya meza ya chai, nikatakiwa kusaini nimeipokea. "Kwa Bw. T. Nigam. Kumbukumbu Namba 1." Inanizuia kuingia ziwani kwa chombo chochote mpaka niogelee, mbele ya mashahidi wawili, kutoka ngazi ya kwanza ya gati hadi ya mwisho. Chini, sahihi ya Katibu na muhuri. Mwandiko wake ni mzuri, sijui kwa nini sikuwahi kuuona.

Namba 1! Katika historia nzima ya Chama hakuna barua iliyotangulia yangu. Pachauri hana namba hata moja. Nimeitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni anaiona kabla hajakaa.

Pachauri amejitolea kunifundisha kuogelea kila asubuhi, pale penye kina cha magoti. Nimekubali, nisimvunje moyo. Leo ni siku ya pili. Amekuwa majini tangu saa moja, na kaptura yake ya zamani, akinipungia mkono niingie.

Nimemwambia aanze tu, nikaondoka. Mimi niko kwa Iqrar bhai, bado nachagua miwani ya kuogelea.