Kamba za Katani na Maji ya Harusi ya Faraja

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika madaktari wawili walioniambia niache chumvi. Nimeishi kuliko viwanda vya mji huu, nilivyoviona vikifunguliwa kwa ngoma na kufungwa kimya kimya. Nimezishinda injini tatu za haisi, meno yangu yote ya juu, na shemeji mmoja aliyeapa kwamba sitafika sitini. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Nilikuwa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa marehemu mama mkwe.

Naandika kwa sababu nyumba hii haina msikilizaji.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu Faraja anaolewa Jumamosi, kwao Mlali. Mvua za mlimani zimelisomba bomba la huko, na mtoni panapita tope tupu. Pilau la watu wote wale litapikwa kwa nini? Mama yake bibi harusi, mwanangu Mwaisha, kapiga simu analia. Kasema anaagiza boza la maji. Nikamuuliza boza la nini, baba yako kafa? Nina haisi, viti vya nyuma niling'oa zamani. Nina tanki la plastiki la lita elfu moja. Nikamwamuru afute boza. Kafuta.

Mke wangu Mwanahawa alikuwa anachambua mchele. Kanikumbusha pipa. Ni kweli, mwaka jana pipa la maji lilibiringika kidogo ndani ya gari, likasukuma kiti chake, akabusu kioo cha mbele. Kidogo tu! Hana hata kovu la maana. Basi leo kaweka sharti mbele ya majirani. Maji yasipofika Mlali ndani ya gari langu, funguo za haisi anakabidhiwa Rehani, na mimi nitakuwa abiria mpaka nizikwe.

Nikacheka. Nikakubali. Abiria! Mimi Stambuli!

Jumanne, 8 Aprili

Rehani kaja asubuhi bila kuitwa. Huyu ni jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, Mnyamwezi. Maana yake ni mtani wangu. Sisi Waluguru na wao tunataniana tangu enzi za mababu. Anaweza kunitukana, anaweza kuchukua kuku wangu, na mimi natakiwa nicheke. Nimecheka miaka mingi. Kuku wamekwisha.

Kaingia ndani ya haisi, kapima kwa futi yake, katoka anatikisa kichwa. Kasema maji ya tanki hilo ni uzito wa tani nzima, na tani ikikosa kushikwa haijui huyu ni mzee wala huyu ni mtoto. Anataka achomelee pete za chuma sakafuni, tanki lisogezwe mpaka nyuma ya kiti changu, wavu wa chuma usimame katikati, halafu tanki libanwe kwa mikanda ya malori, ile yenye chuma cha kukazia. Na lijazwe pomoni au lisijazwe kabisa. Yeye kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, kina hayo yote.

Nikamjibu kwamba gari langu halitobolewi na Mnyamwezi. Nimefanya kazi shamba la mkonge nikiwa kijana. Nimefunga marobota ya katani yaliyokwenda Ulaya, na Ulaya hawajarudisha hata moja. Nina kamba zangu za katani, nene kama mkono wa mtoto.

Kasema kumbe ndiyo maana Waluguru hatukutoka milimani, tulijifunga wenyewe kwa kamba. Mke wangu kacheka mpaka kaweka ungo chini.

Alipoondoka nikafunga tanki. Nikalisukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa miguu yote miwili. Halikutikisika hata kidogo. Lilikuwa tupu, lakini kanuni ni ile ile.

Jumatano, 9 Aprili

Majaribio. Nikajaza nusu. Nimelifikiria mwenyewe, bila fundi: nusu ya maji ni nusu ya hatari.

Nikafika kwenye tuta la barabara karibu na karakana ya Rehani. Nikakanyaga breki. Gari likasimama. Maji hayakusimama. Yalikuja mbele yote kwa pamoja, bum! Gari langu, lililokwisha kusimama, likaondoka tena bila ruhusa yangu, likalala juu ya kibao cha Rehani kilichoandikwa TUNACHOMELEA.

Rehani katoka na miwani yake ya kuchomelea usoni. Kanishukuru. Kasema kibao kilikuwa kinahitaji kuonekana na wateja walio chini.

Nimepata dawa. Kati ya kiti changu na tanki nimeweka godoro. Ni la Mwanahawa, lile jipya. Hajaambiwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Kauliza godoro liko wapi. Nikasema linapigwa jua. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Lakini leo ni siku yangu! Mvua imenikumbusha siri ya shambani: kamba ya katani ikilowa inajikaza yenyewe. Nikazitupa kamba zote uani zikanywa mvua. Nikafunga tanki mizunguko ya kutosha, nikaliacha linyeshewe mlango ukiwa wazi. Kufika mchana kamba zinalia kama gambusi ukizigusa.

Nikamwita Rehani kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Kavuta. Kaweka mguu ukutani, kavuta. Wapi! Kafuta jasho. Mnyamwezi kafuta jasho! Ningekuwa na kamera.

Kisha kaangalia mawingu, kauliza kama kesho kutakuwa na jua. Nikamwambia mtu akishindwa asisingizie hali ya hewa. Kasema kwa upole, na upole si desturi yake, kwamba kamba iliyofungwa mbichi ikikauka inalegea, kwa hiyo nikifika Mzinga, pale njiani, nisimame nikaze upya. Hapo hapakuwa na utani, kaniita mzee wangu.

Nikamwambia sisimami Mzinga. Mzinga watu wangesema Stambuli kachoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika nikiwa Mlali.  

Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Baada ya sala ya Ijumaa nikajaza tanki pomoni kwenye chemchemi ya Bigwa, maji meupe kama ya dukani. Mwanahawa alikataa kupanda kwangu. Kapanda kirikuu cha Rehani pamoja na masufuria. Kasema yeye na kioo cha mbele wameshaonana.

Nikaongoza mimi, wao nyuma, mbali kabisa. Nikasema wanaona aibu.

Mzinga sikusimama. Nilipunga mkono tu.

Tulipopita hapo Rehani akaanza kupiga honi. Pii pii pii! Akawasha taa, akazima, akawasha. Nikafurahi. Nikasema kumbe mtani ana moyo, kaanza shamrashamra za harusi. Nikamjibu kwa honi. Yeye akazidisha, mimi nikazidisha. Watu wa barabarani wakapiga vigelegele. Mwanahawa alikuwa anatoa mkono dirishani anapunga khanga. Nikasema leo mke wangu kanipenda tena.

Karibu na Mlali kuna mlima mfupi. Chini yake alisimama mama mwenye mzigo wa kuni, na mtoto wake. Mama kaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba kwa kichwa, nikakanyaga mafuta kupanda.

Nikasikia gari limekuwa jepesi ghafla. Nikadhani ni injini imepata nguvu.

Kwenye kioo cha pembeni nikaliona tanki langu. Lilikuwa limesukuma mlango wa nyuma, limetoka, limekaa barabarani, kamba zinalifuata kama wapambe. Likaanza kurudi lilikotoka. Taratibu, kisha si taratibu. Likawapita yule mama na mtoto karibu sana. Upepo wake ulimvua mama mtandio. Likaingia shambani kwa Paulo, mkulima wa kabichi, likapinduka, likamwagilia kabichi zote.

Mtoto alipiga makofi. Mama yake hakupiga.

Nikasimamisha gari, nikavuta breki ya mkono mara tatu. Ni breki, ina umri.

Rehani alikuwa kasimama mbali, ndiyo maana yu hai. Kamfuata kwanza yule mama, kambebea kuni. Halafu kaja kwangu. Nilitegemea matusi. Hakutukana. Kaweka mkono juu ya tanki, katangaza kwa Paulo na wote waliokuja kushangaa kwamba mali ya mtani iliyookotwa barabarani ni mateka. Utani umeamua! Kukasirika siwezi, mila ni mila. Wakalipandisha kwenye kirikuu chake, akalibana kwa mikanda yake kwenye pete zake, akarudi Bigwa kulijaza.

Kaingia Mlali jioni. Tanki halijasogea hata kidole. Wanawake wakampigia vigelegele. Mwaisha kamkumbatia. Mimi nilikuwa nimefika zamani, nikapewa jembe nichimbe mashimo ya mafiga.

Mwanahawa alinyoosha mkono. Nikamwekea funguo. Akazipokea, akauliza kuhusu godoro.

Jumamosi, 12 Aprili

Faraja kaolewa. Kapendeza. Pilau limeiva, watu wamenawa, wamekunywa, wamebakiza.

Rehani alishika kipaza sauti. Kasema mateka hukombolewa, na yeye hataki kuku, kwa kuwa sina. Anataka nisimame mbele ya wageni niseme maneno matatu tu: Rehani alisema kweli. Nikisema, tanki ni langu tena, na funguo anamwomba Bi Mwanahawa anirudishie leo leo. Mwanahawa kaitikia kwa kichwa. Faraja mwenyewe, ndani ya shela, kaniangalia kwa macho ya kuomba. Kasema babu, maneno matatu tu, halafu utanipeleka mjini kwa haisi yako.

Nikasimama.  Nikapokea kipaza sauti. Nilikuwa nayo maneno hayo, yalikuwa mdomoni kabisa.

Nikamwona Rehani anatabasamu.

Nikasema kwamba jana jua lilikuwa kali kuliko kawaida ya Aprili.

Wageni walicheka mpaka DJ akawasha muziki. Nimerudi mjini nyuma ya kirikuu, juu ya masufuria. Faraja alinipungia. Nilimpungia kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa umeshika mkanda wa Rehani. Umekaza kweli. Hilo sitamwambia.

Jumatatu, 14 Aprili

Rehani ameirudisha haisi yangu kutoka Mlali, ameitoboa, ameweka pete. Nimesikiliza cheche zake asubuhi nzima nikiwa kitandani, juu ya mkeka, kwa kuwa godoro lililoloa ndani ya haisi halijakauka.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kasimiri, mrina asali wa huko juu mlimani, anatafuta mtu wa kumshushia mapipa ya asali mpaka sokoni. Jirani mwingine ana guta, lile la magurudumu matatu. Guta halina funguo, kwa hiyo sharti la Mwanahawa haliligusi. Na asali ni nzito, haichezi kama maji. Kamba ninazo zote, nilizirudisha kutoka kabichini. Kosa halikuwa la kamba, lilikuwa la jua. Safari hii nitashuka mvua ikinyesha, kwenye utelezi, zijikaze njia nzima.

Nimeshamwambia Kasimiri aondoe shaka. Kauliza breki za guta zikoje. Nikamjibu kwamba na asali itasaidia kwa uzito.

Anayebisha kwamba kamba zangu zilishika mpaka Mlali, kasoro ule mlima mmoja, aende akaulize. Mke wangu asiulizwe, ana chuki ya godoro. Rehani asiulizwe, ni mtani. Paulo aulizwe, kabichi zake zimenawiri. Na yule mtoto wa mama wa kuni aulizwe kabla ya wote. Ndiye pekee aliyepiga makofi.