Kompyuta Nambari Nne Kuulizwa Kila Asubuhi Kwao ni Wapi

Chumba cha Kupiga Chapa,
Sarang'ombe, Kibera.
Jumatano, 14 Oktoba 1998.

Kwa Bwana Urbanus Mutie,
Mwenyekiti wa Kamati,
Kituo cha Mafunzo, Sarang'ombe.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: KOMPYUTA NAMBARI NNE KUITWA MGENI MBELE YA WANAFUNZI

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una maneno.

Unanijua. Mimi ni Timothy Sifuna, mwalimu wa kupiga chapa, niliyehamia hapa Januari baada ya mwenye nyumba wetu kule Kawangware kuamua kwamba kituo kingefaa zaidi kuwa bucha. Nilikuja na wanafunzi kumi na mmoja kwa miguu na kompyuta moja kwa mkokoteni. Kompyuta mkaipa nambari nne, mkaiwekea meza karibu na dirisha, na Mwalimu Osewe akaiunga kwa waya na zile sita zenu ili zote zitumie printa moja. Muungano huo ndio anaouita mtandao. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Neno lilianza Septemba, Osewe alipoleta skripti. Kwa faida ya wanakamati ambao hawajaiona, skripti ni mistari kumi na tisa ya amri ambayo kila kompyuta huisoma yenyewe ikiwashwa asubuhi. Mistari hiyo huiuliza kompyuta swali moja: wewe ni mwanachama wa mtandao gani? Ikijibu KIBERA, skrini huandika "KARIBU NYUMBANI" na printa inafunguliwa. Ikijibu jina lingine lolote, skrini huandika "HUYU SI WETU" na printa inafungwa. Nambari nne hujibu KAWANGWARE. Basi wiki ya sita sasa, saa mbili kamili, wanafunzi wangu wakiwa wamesimama nyuma yangu, inaambiwa si yenu.

Ningevumilia, maana mgeni hakosi la kuvumilia, lakini Ijumaa hii kuna mtihani. Kanuni inataka kila mwanafunzi achapishe barua yake kutoka kompyuta aliyojifunzia, na wangu wote walijifunzia nambari nne. Mmoja wao ni Lavender Aluoch. Wakili mmoja wa Ngong Road amemwahidi kazi akileta cheti kabla ya mwezi kwisha. Asipochapisha Ijumaa, mtihani mwingine ni Aprili, na sijawahi kuona wakili wa kungoja mtu mpaka Aprili. Ndiyo maana naorodhesha malalamiko yangu.

1. Swali lenyewe halina adabu. Hata vijana wa hapa Sarang'ombe, ambao kamati huwalaumu kila mkutano, husema "niaje" kwanza. Nimesoma mistari yote kumi na tisa nikitafuta salamu, sikuiona. Kompyuta haijapata hata joto la asubuhi, tayari inaulizwa ukoo.

2. Anayeulizwa siye anayepaswa kuulizwa. Nilipojiunga na chama cha mazishi cha watu wa magharibi, hakuna aliyeniuliza mimi kama ninafaa. Ningejibu nini, kama si kujisifu? Waliuliza majirani wawili, katekista, na mama Nelima anayeuza sukuma kule Silanga, kama wamewahi kuniona matangani na kama nilibaki mpaka vyombo vioshwe. Uanachama wa mtu unajulikana kwa wenzake. Nambari tatu na nambari tano zinakaa bega kwa bega na nambari nne tangu Januari. Hakuna aliyewahi kuziuliza.

3. Nilipompelekea Osewe hoja hiyo, alinijibu, "Mwalimu, hii skripti haijui ukweli, inasoma tu kafaili fulani huko ndani. Kama imeandikwa Kawangware, itasema Kawangware. Sasa mimi nifanye nini?" Nilikaa kitini. Kumbe jina lililoandikwa zamani na mtu mwingine ndilo linaloaminiwa, wala si waya ambao hata mtoto anauona! Bwana Mwenyekiti, kitambulisho changu kinasema Bungoma, wilaya ya baba yangu, na chako nadhani kinasema Machakos. Tafadhali tazama dirishani uniambie unaona Machakos ya wapi.

4. Nina ushahidi. Jumatatu nilifanya uchunguzi, na Mwalimu Filister ni shahidi yangu. Waya wa nambari sita uliliwa na panya likizo ya Agosti. Tangu hapo haijaungana na kitu chochote isipokuwa stima. Niliiwasha. Ikaulizwa, ikajibu KIBERA, ikaambiwa "KARIBU NYUMBANI". Haikuweza kuchapisha hata nukta, kwa kuwa njia ya kufikia printa iko tumboni mwa panya, lakini ilikaribishwa kwa heshima zote. Nambari nne, yenye waya mzima niliouvuta mimi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, inafukuzwa. Nasema wazi kwamba jambo hili liliniuma. Niliizima nambari sita, nikaenda kunywa chai, na hata chai sikuimaliza.

5. Kama hiyo ndiyo sheria, basi tuifuate mpaka mwisho. Stima yetu inatoka kwa mlingoti wa mtaa jirani wa Ayany. Isimamishwe mlangoni kila asubuhi iulizwe. Mabati ya paa yalinunuliwa soko la Gikomba. Yashushwe, yaulizwe, na yakijibu vibaya tusomee juani. Printa nimeigeuza, na mgongoni imeandikwa imetengenezwa Japani, nayo ndiyo inayowafungia wengine mlango! Tena kuna kubwa zaidi. Mstari wa kwanza wa skripti, ule ambao kompyuta huuruka bila kuusoma, una jina la ofisi moja ya Westlands ambako Osewe aliinakili kwa disketi. Kwa hiyo skripti yenyewe si yetu. Tukiwaondoa wote wasio wa hapa, darasani atabaki yule panya, na hata yeye sina hakika kwao ni wapi.

6. Kutokana na hayo, naomba nambari nne ipewe uanachama kwa njia ya desturi kabla ya Ijumaa saa tatu. Nambari tatu na nambari tano zitaidhamini. Kreti ya soda nitanunua mimi. Maombi yawe mafupi, yasizidi nusu saa, na katekista aambiwe hivyo mapema. Skripti nayo iongezewe mstari wa ishirini wa kujitambulisha yenyewe kabla ya kuuliza wengine. Nambari sita sitaki ifukuzwe, maana najua uchungu wake, ila ionywe.

Kamati isipotenda, nitaipakia kompyuta yangu mkokotenini niirudishe Kawangware, na mtihani utafanyiwa kwenye bucha. Nimeshazungumza na mwenye bucha. Amekubali, ingawa anasema Ijumaa ana wateja wengi na meza ni moja.

Nisalimie wanakamati wote pamoja na watu wa nyumbani kwako. Msalimie Mama Lenah wa ofisini, ambaye hajawahi kumwuliza mtu kwao kabla ya kumpa kiti. Msalimie Osewe pia, ni kijana mzuri, shida ni mistari yake. Na ukipita darasani, zisalimie nambari moja hadi saba bila kubagua.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini mwenye heshima,

Timothy Sifuna
Mwalimu wa Kupiga Chapa

Tanbihi (Alhamisi, kabla ya saa nne):

Nilimpa Lavender barua hii anitazamie makosa. Akaisoma yote, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, si Osewe alikuonyesha venye unabadilisha hiyo jina? Ni neno moja tu. Mimi nataka cheti."

Ni kweli. Alinionyesha wiki ile ile ya kwanza, akaniandikia na karatasi. Hata yeye mwenyewe amelibadilisha mara nne, na kila mara, jioni wanafunzi wakishatoka, kuna mtu amekuwa akirudisha KAWANGWARE. Mtu huyo ni mimi. Nilifundisha kule miaka kumi na mmoja. Jina letu la mlangoni lilifutwa kwa rangi siku ile ile tuliyotoka, hata vumbi la mkokoteni halijatulia, na nikaona kwamba likitoka na mle kwenye faili, halitakuwa limebaki popote. Sikufikiria Lavender. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Leo asubuhi nimeandika KIBERA kwa vidole vyangu. Ni herufi sita, na nawafundisha watu kupiga maneno arobaini kwa dakika, lakini hizo zilinichukua muda. Skrini ikatukaribisha nyumbani, Lavender akachapisha ukurasa wa kujaribu, safi kabisa. Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita yafutwe.

Kamati ikiona vyema kunijibu, itumie sanduku langu la posta la Kawangware. Hilo bado sijalibadilisha.