Ebitinge vya Persis Chini ya Kioo

Jumatatu, 6 Mei 1974
Watu wa jumba jipya la makumbusho wamesafiri mpaka Kiogoro kuniona mimi. Mimi pekee! Basi, si mimi pekee. Walikuja kwa jirani yangu Onsongo. Kwangu walisimama kuomba maji ya redieta ya gari lao.

Wanatayarisha maonyesho mawili ya Agosti. Moja la ndege na nyoka waliokaushwa, jingine la vitu vya kale vya Wagusii. Ukitoa kitu, jina lako linawekwa kwenye kadi, chini ya kioo. Onsongo ametoa obokano ya baba yake, lile zeze la nyuzi nane. Onsongo, ambaye hata mluzi hawezi kupiga! Nikawaletea ngozi ya kicheche. Karani wao, Bwana Dahir, akasema asante mzee, wadudu wameshaimaliza.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata! Miguuni mwa mke wangu Persis kuna ebitinge, pete za chuma alizovishwa nilipomwoa kwa ng'ombe. Kwetu mwanamke havivui mume akiwa hai. Kuvivua ni kusema mume amekufa. Nikamwambia sisi watu wa Sabato tuliacha mambo hayo zamani. Akaniuliza, Baba Kemuma, nikivivua wewe utakuwa nani hapa? Nikasema nitakuwa mtu wa kwenye kioo. Kisha akaninyoshea miguu, akasema haya, vua wewe mwenyewe. Nikavitoa kwa mafuta na sabuni, huku naimba. Hakulia. Alinitazama kama watu wanavyotazama jeneza.

Alhamisi, 9 Mei
Nimevipeleka Kisii mjini kwa Dahir. Kijana mpole. Akauliza huvuliwa lini. Hapo nikajifanya profesa: mume akifa! Akaandika.

Jumamosi, 11 Mei. Sabato
Kanisani wanawake walimzunguka Persis, wakimshika mikono na kumpa pole. Mimi hakuna aliyenisalimu. Onsongo tu ndiye aliyenijia, akauliza, ee marehemu, huko ulikokwenda mvua inanyesha? Nikamwambia inanyesha, na majirani hakuna.

Nyumbani, chakula kilichopikwa Ijumaa kilikuwa mezani. Sahani moja. Persis akasema hapa wafu hawali. Akala, akafunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwa kaka yake Keroka. Miaka thelathini na nne ya ndoa! Nilikula ndizi moja, nimesimama.

Jumatatu, 13 Mei
Nimemkimbilia Dahir. Sanduku la vitu limeshaondoka kwenda makumbusho! Akanisomea nakala ya kadi: Ebitinge vya mjane wa marehemu Manasseh Onchiri wa Kiogoro. Manasseh ni mimi! Nikamwomba asome tena. Jina limeandikwa vizuri sana, lazima niseme. Dahir akasema vinaweza kurudishwa nikileta kitu kingine cha kale.

Nikafika Keroka. Persis alikuwa akimenya ndizi. Pale ebitinge vilipokaa, ngozi ni laini, nyeupe nyeupe, kama ya mtoto. Nilikuwa na utani wangu tayari. Haukutoka. Akasema, Baba Kemuma, si chuma kilichoniuma. Ulivivua ukiimba. Vilete, univishe wewe mwenyewe, nitarudi. Usipovileta mimi ni mjane, na mjane ana kwao.

Nilirudi polepole.

Jumanne, 14 Mei
Asubuhi nimelia kidogo. Kisha nimepata! Nyuma ya jiko liko jiwe la kusagia wimbi, alilopewa Persis na mama yake siku ya kuolewa. Hayupo, atajuaje? Nitawapa hilo, wanirudishie ebitinge. Ila kadi waiache pale pale, na jina langu.

Ila Dahir anataka ombi liwe barua ya Kiingereza, nami shule niliiacha darasa la tatu. Nachana ukurasa huu nimpelekee Onsongo, ndiye msomi wa karibu. Onsongo, jirani yangu, yule fahali wako mkali nilimshika pembe siku nzima kule joshoni, na hujanilipa hata kwa neno. Niandikie barua hiyo leo. Mistari minne tu, na Persis asijue.